Karatasi za Feri na Hesabu Yangu Mbovu

Nimekuwa kimya siku nyingi. Leo nina kisa cha kujisuta.

Shangazi yangu anauza mapazia na mashuka hapa Likoni. Alikuwa akitangaza kwa njia tatu: Facebook, kibandiko nyuma ya matatu ya Ukunda, na kijana aliyegawa karatasi kwa watu wanaoshuka feri. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesomea kompyuta chuo kikuu. Hebu niambie, pesa zangu zinapotelea wapi?"

Nikamtengenezea tovuti ndogo, viungo vyote nikavitia alama za utm. Kwa wasiojua, herufi hizo zimetokana na Urchin, kampuni iliyonunuliwa na Google mwaka 2005. Mteja akibofya, programu inaandika ametokea wapi. Akilipa kwa M-Pesa, naoanisha malipo na oda yake. Mwezi ulipoisha jibu likawa wazi: karibu oda zote zimetoka Facebook. Karatasi: sifuri. Nikamwambia shangazi amsimamishe yule kijana, naye akamsimamisha.

Wiki ya tatu oda za Facebook zenyewe zikapungua, na tangazo sikuwa nimeligusa.

Nikaiacha kompyuta, nikaanza kuwapigia wateja simu. Dada mmoja wa Mtongwe alinicheka. Alipewa karatasi akishuka feri, akaitia mkobani. Usiku alipoona tangazo kwenye Facebook akalikumbuka jina la duka, ndipo akabofya. Programu yangu iliona mbofyo wa mwisho tu. Karatasi haina kiungo, basi kwangu mimi haikuwepo.

Nimejifunza mambo matatu. Kwanza, kila njia ipewe alama yake, hata karatasi: andika neno ambalo mteja akilitaja anapunguziwa bei. Pili, muulize mteja alikusikia wapi mara ya kwanza. Tatu, ukitaka kujua kama tangazo lina faida, lisimamishe mtaa mmoja, tuseme Changamwe, liendelee Likoni, kisha linganisha mauzo ya kila mtaa na yale ya kabla hujalisimamisha. Usimfukuze mtu kwa sababu ya safu moja ya jedwali.

Kijana nilimfuata mwenyewe nikamwomba radhi. Amerudi kazini, ila ujira wa wiki zile haukumrudia. Ile sifuri niliiandika mimi, na aliyeilipia ni yeye.