Mgeni njoo, mwenyeji apone: Uende au usiende kisiwani baada ya kimbunga?

Kimbunga Hidaya kilitua Kisiwa cha Mafia Mei 4, 2024, kikiwa kimeshaanza kupungua nguvu. Usiku huohuo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kuwa tishio limepungua, na watu wa pwani wakashusha pumzi. Kwa wale waliokuwa wameshalipia safari ya kisiwani, ndipo swali lilipoanza: tumeshatoa pesa, je, tuende?

Familia yetu ilikuwa miongoni mwao. Sisi ndugu wanne tulichanga tangu Januari ili tumpeleke mama Mafia wakati wa likizo ya Juni, pamoja na wajukuu wake. Mama ana miaka 63 na anatumia dawa za presha kila siku. Tulikuwa tumelipa advansi ya vyumba vitatu pale Utende, na ya boti ya kutuzungusha Chole na Juani.

Haikupita siku, kundi letu la WhatsApp likagawanyika. Kaka mkubwa alisema kwenda kustarehe kwa watu walioezuliwa mapaa ni aibu. Dada alijibu kuwa pesa imeshatoka, kisiwa hakijazama, na hao wenyeji wenyewe wanakula kwa wageni. Shemeji akaweka alama ya kucheka, akanyamaza.

Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya, na baada ya kila mafuriko huwa nazungumza na wauguzi na mabwana afya. Huko nimejifunza kuwa neno "maafa" ni pana mno kukusaidia kuamua lolote. Lazima ujue ni kijiji gani, ni wiki ya ngapi tangu yatokee, na ni kitu gani hasa kimepungua pale.

Kisiwa chenyewe

Mafia iko Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Sensa ya 2022 ilikuta wakazi zaidi ya 60,000. Kilindoni ndiyo makao makuu ya wilaya, penye bandari, soko, hospitali ya wilaya na uwanja wa ndege. Utende iko upande mwingine wa kisiwa, ikitazamana na Ghuba ya Chole, na ng'ambo yake viko visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo.

Eneo kubwa la bahari hiyo ni hifadhi tangu 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Wageni huja kuona matumbawe, popo wakubwa wanaoning'inia kwenye miti ya Chole mchana kutwa, na magofu ya mji wa kale wa Kua kule Juani. Karibu vyote hivyo hufikiwa kwa boti. Bahari ikichafuka unaweza kuwa na chumba kizuri na usione kitu.

Vimbunga si kawaida yetu. Vingi vinavyozaliwa Bahari ya Hindi kusini mwa ikweta huelekea Madagascar na Msumbiji. Vinavyokumbukwa kwetu ni kile kilichopiga Zanzibar Aprili 1872, na kile cha Lindi Aprili 1952. Ndiyo maana Mei ile hakuna mzee katika ukoo wetu aliyeweza kusema, "Mara ya mwisho tulifanya hivi."

Habari huenea kuliko maafa

Jambo la kwanza lililotuchanganya lilikuwa taarifa zenyewe. Masika ile ilikuwa mbaya hata kabla ya Hidaya. Aprili 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki dunia nchini kutokana na mvua na mafuriko. Rufiji na Kibiti mashamba na nyumba zilikuwa majini. Kisha Hidaya ikaleta mvua nyingine, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Kwenye simu zetu yote hayo yalikuwa habari moja: kusini hakupitiki.

Chukua ramani. Anayekwenda Mafia kwa njia ya nchi kavu hupita Mbagala, Mkuranga, hadi Bungu, halafu hukata kushoto kuelekea Nyamisati kupanda boti. Somanga iko mbele zaidi, ukishavuka Daraja la Mkapa kule Rufiji. Barabara iliyokatika haikuwa yetu. Hata hivyo, tungepita kwenye wilaya ambayo watu wake walikuwa wamehama makazi, na Bahari ya Mafia mwezi Juni ni ya upepo wa kusi, ambao hata bila kimbunga hutikisa boti vya kutosha.

Mkanganyiko kama huo uliwahi kuzua mjadala mkubwa duniani. Januari 12, 2010 tetemeko la ardhi liliubomoa mji mkuu wa Haiti, Port-au-Prince. Siku tatu baadaye meli ya kitalii ya kampuni ya Royal Caribbean ilitia nanga Labadee, ufukwe wa kampuni hiyo ulio kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Watu waliokuwa wakiangalia maiti kwenye televisheni waliwaona abiria wakiota jua, wakakasirika. Baadhi ya abiria wenyewe walikataa kushuka.

Kampuni ilijitetea kuwa Labadee haikubomoka, kwamba meli zake zilipeleka vyakula vya msaada, na kwamba wenyeji wanaofanya kazi na kuuza bidhaa pale hula siku meli inapofika. Nadhani hoja hiyo ya mwisho ni ya kweli, na haifuti ile aibu. Lakini kuna tofauti moja na safari kama yetu. Abiria wa meli kubwa hula na kulala melini, na maji yake ni ya melini. Sisi tungekula, kunywa na kuugua kisiwani.

Maji, mbu na kitanda cha hospitali

Hapa ndipo ninapojua kidogo zaidi, kwa hiyo nitatulia.

Tatizo la kwanza baada ya mafuriko ni maji ya kunywa. Maji ya juu yakiingia kisimani yanabeba kila kilichokuwa chooni. Dalili za kipindupindu zinaweza kuanza ndani ya saa chache hadi siku tano baada ya kumeza vimelea. Wiki za mwanzo, kila lita ya maji salama ina mtu anayeihitaji, na mgeni aliyezoea kuoga mara mbili kwa siku anaongeza foleni.

La pili ni mbu, na huyu huwa na subira. Mvua kubwa yenyewe huweza kusomba mazalia yake. Madimbwi yakishatulia, yai huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Mbu huyo naye lazima amng'ate mwenye vimelea, vikomae ndani yake, ndipo amwambukize mwingine, ambaye kwa kawaida huanza kuumwa siku 10 hadi 15 baadaye. Jumlisha. Malaria ya mafuriko huja wiki kadhaa baada ya maji, wakati redio zimeshahamia kwenye habari nyingine. Safari ya "wacha mwezi mmoja upite kwanza" inaweza kuangukia palepale.

La tatu ni kitanda cha hospitali. Kisiwani, mgonjwa anayehitaji rufaa lazima avuke maji, kwa boti au kwa ndege. Upepo ukifunga bandari, na rufaa imefungwa. Siku za Hidaya hata boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Kwa kijana mwenye afya hilo ni usumbufu tu. Kwa mama yetu mwenye presha, kwa mjamzito, au kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, ni jambo la kufikiria kabla ya kufunga begi.

Simu ya mwenyeji

Wiki ya pili baada ya kimbunga dada alipiga simu Utende, kwa mama mwenye vyumba tulivyolipia. Aliweka sauti kubwa tusikie sote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mama hajambo?"

Alitueleza bila kuzungukazunguka. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya upande mmoja, mnazi umeangukia choo cha nje, na kisima kimeingiwa na maji ya juu. Boti ya kijana wake ilikuwa nzima kwa sababu waliivuta nchi kavu mapema, baada ya kusikia tahadhari.

Dada akamuuliza moja kwa moja: tuje au tusije?

"Mkija nitawapokea, mgeni hafukuzwi. Lakini maji ya kunywa nitanunua, na majirani zangu wananunua hayohayo. Njooni bahari ikitulia."

"Na ile advansi yetu, mama?"

Kimya kidogo. "Ile nimeshanunulia mabati, mwanangu. Mkiitaka nitaitafuta."

Hapo mjadala wetu ulibadilika. Kaka, aliyetaka tufute safari kwa heshima ya wenyeji, alitambua kuwa kufuta kungemlazimu huyo mama akope ili aturudishie. Dada, aliyetaka twende kwa sababu ya pesa, alitambua kuwa pesa yenyewe iko juu ya paa. Tukakubaliana kusogeza hadi Oktoba, na advansi ibaki. Dada alituma ujumbe wa simu wenye kiasi, idadi ya vyumba na mwezi mpya, yule mama akajibu "Nimekubali," na huo ndio ukawa mkataba wetu.

Kaka alitaka tutume nguo. Yule mama alicheka, akasema nguo wanazo. Kinachopatikana kwa shida ni vidonge vya kutibu maji na misumari ya bati. Tukatuma hivyo kwa boti.

Kusogeza nako kulikuwa na gharama. Oktoba shule ziko wazi, kwa hiyo wajukuu wakubwa hawakwenda, na mama hakuficha kuwa ni hao ndio alitaka aende nao. Alituambia, "Mnanipeleka mimi, au mnapeleka pesa yenu?" Hakuna aliyejibu.

Oktoba

Tulipofika Nyamisati boti ilikuwa inapakia mchele, mafuta ya kula na magodoro. Kijito kinapita katikati ya mikoko hadi baharini, maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha polepole yanageuka kijani, halafu buluu. Kipindi hicho, kusi limekwisha na kaskazi haijaanza, bahari hutulia. Mama alikaa nje njia nzima.

Oktoba pia ndipo potwe wanapoanza kuonekana karibu na Kilindoni, na huendelea hadi Machi. Potwe ni papa mkubwa kuliko samaki wote, anaweza kuzidi mita kumi, lakini chakula chake ni viumbe vidogo vya majini na visamaki. Alipita ubavuni mwa boti yetu, mgongo wenye madoa kama kanga. Mama alimshika mjukuu mdogo kiunoni kwa nguvu, akawa anamsomea dua.

Chole popo walikuwepo, na minazi iliyolala ilikuwepo. Fundi mmoja alikuwa anapasua mbao za mtumbwi. Nilipomuuliza kuhusu Mei, alisema kazi ilikuwa nyingi na walipaji wachache.

Kabla hujalipa, na kabla hujafuta

Kwa anayepanga safari ya kisiwani au bondeni, hasa kati ya Machi na Mei, mambo haya yanasaidia:

Kubalianeni kuhusu kusogeza tarehe kabla ya kutoa advansi, na mwandikiane, hata kwa ujumbe wa simu.

Maafa yakitokea, tafuta jina la kijiji au daraja lililoathirika, uliangalie kwenye ramani ya njia yako. Fuata tahadhari za TMA hata kama mwenye boti anakuambia "twende tu."

Mpigie mwenyeji umuulize mambo matatu: maji ya kunywa mnapata wapi, boti na barabara zinapitika, na hospitali inapokea wagonjwa kama kawaida? Hotelini watakuambia vyumba vipo, kwa hiyo muulize na mtu asiyeuza chumba.

Ukienda, beba dawa za kila siku za idadi ya siku zako mara mbili, kwani boti inaweza kukwama. Beba chandarua chenye dawa, vidonge vya kutibu maji, na pakiti za ORS. Zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitamsaidia anayeharisha wakati mnampeleka kituo cha afya. Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, kapime malaria, na mwambie daktari ulikotoka.

Na kama mama mwenye vyumba ameshanunulia mabati pesa yako, iache huko. Muulize ni mwezi gani mzuri.