Babu Yangu Katika Vitabu vya Parokia

Zamani, huku kwetu Kilimanjaro, kitabu cha ubatizo ulisomewa tu. Wewe umesimama upande huu wa meza, karani wa parokia amekaa upande ule, anapekua huku mkono umefunika ukurasa, kisha anakutajia tarehe. Miaka ya themanini nilipokwenda kumtafuta babu, nilidaiwa kwanza barua ya mwenyekiti wa jumuiya, na mwenyekiti naye akataka kuona kadi yangu ya zaka. Karani akauliza cheti ni cha ndoa au cha seminari. Nikamjibu natafuta ukoo tu. Alinitazama kama mtu aliyeingia benki kuomba kuhesabu fedha za wenzake.

Simlaumu. Mtaguso wa Trento ulipoagiza mwaka 1563 parokia ziwe na vitabu, shabaha ilikuwa sakramenti: ijulikane nani kaoa, nani amemsimamia nani, wasije wakaoana wasioruhusiwa. Wajukuu wenye udadisi hawakufikiriwa.

Babu hakuwamo. Katekista mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho: parokia yetu ilimegwa kutoka Kilema, na waliobatizwa kabla ya kumegwa wamebaki katika vitabu vya parokia mama. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, na vitabu vyao viliandikwa kwa Kilatini. Huko jina la ukoo halikufaa kitu. Ndugu wa tumbo moja hawakuandikwa kwa jina moja, akina Yosefu walijaa tele, na jina la baba liliandikwa jinsi sikio la Mzungu lilivyolipokea. Babu nilimtambua kwa jina la mama yake.

Mambo yalibadilika serikali ilipoanza kudai vyeti. Wazee waliozaliwa nyumbani hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Cha ubatizo kikawa ushahidi wao huko RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Foleni zikawa ndefu, kurasa zikachanika kwa kupekuliwa, na baadhi ya parokia zikaanza kuingiza majina kwenye kompyuta. Siku hizi karani anabonyeza, jina linatokea. Ni nafuu kubwa, ila kompyuta hutoa kile tu kilichoingizwa, na mara nyingi kinachoachwa ni pembeni mwa ukurasa. Pembeni ndiko kwenye utamu! Mtu akifunga ndoa mbali, parokia ya huko hutuma taarifa kule alikobatizwa, nayo huandikwa kando ya jina lake. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba kaka yake babu, ambaye nyumbani alihesabiwa amepotea, alioa Mombasa. Tuna binamu Kenya hadi leo.

Wapo wanaotaka vitabu vyote viwekwe mtandaoni. Mwaka 2008 Vatikani iliwaagiza maaskofu wasiwape Wamormoni vitabu hivi wavinakili, kwa kuwa wao huwabatiza marehemu kwa niaba. Mimi nina sababu ya karibu zaidi ya kukataa: humo mna watu walio hai, na watoto ambao baba zao hawakuandikwa. Karani anayefunika mstari wa jirani yuko sahihi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iko upande wake.

Kwa hiyo ukienda, beba jina la ubatizo, majina ya nyumbani ya baba na mama, na kigango chao cha wakati ule. Bibi angali hai, muulize leo. Na ukishasomewa mstari wako, omba usomewe na pembeni.