Siku 497 za Ruta ya Kando ya Barabara

Wazee waliokuwa wakiota moto nje ya nyumba ya msiba, Kihesa mjini Iringa, walimuuliza mgeni kutoka Mbeya marehemu alimfundisha kazi gani. Akajibu: kuseti wakala. Wakatikisa vichwa kwa kuelewa, na mmoja akataka kujua kibanda kilikuwa mtaa gani. Hakukosea. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, wakala ni mtu wa kuweka na kutoa fedha. Lakini marehemu alikuwa akiishi na mawakala wa aina nyingine miaka 10 kabla ya hapo: programu ndogo zinazokaa ndani ya ruta, swichi na seva, zisizolala, ambazo kazi yao kubwa ni kujibu zikiulizwa.

Mgeni huyo ndiye anayeandika habari hizi. Anajisimulia kwa nafsi ya tatu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Katika daftari la matukio la Mzee, kama alivyomwita marehemu, neno "mimi" lilipigwa marufuku. Iliandikwa: fundi alifika saa 4:10, fundi alikuta taa ya pili imezima. Mzee alisema anayeandika "mimi" huanza kujitetea kabla hajaeleza kilichotokea. Mgeni, ambaye ndiye fundi, alistaafu mwaka jana na hakuna tena anayelikagua daftari lake, lakini mazoea hayo hayajamtoka.

Utoto wake ulikuwa wa Tukuyu: migomba, matope, mvua isiyojua kuaga, na redio ya baba yake aliyoifungua akiwa darasa la tano na kushindwa kuifunga. Fimbo alizopata hazikumtoa kwenye nyaya. Akasoma Mbeya Technical College, chuo kilichofunguliwa mwaka 1986 na ambacho leo ni MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mwaka 1998 akaajiriwa na kampuni moja ya mawasiliano ambayo haitatajwa hapa, akapewa bisibisi, buti na Mzee.

Mzee alikuwa mtu wa Iringa. Alikulia kikazi katika Shirika la Posta na Simu, akiwa mmoja wa mafundi walioweza kutambua ubovu wa mtambo wa simu kwa kuusikiliza tu ukigonga. Shirika lilipogawanywa na TTCL kuanza kazi mwaka 1994, alitafuta njia yake upande wa kompyuta akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakinunua ng'ombe wa kustaafia. Hakuwa na shahada. Alikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyochakaa na nakala za viwango vya intaneti alizochapisha kurasa mbili mbili, akazitoboa na kuzifunga kwa uzi wa viatu.

Somo la kwanza lilikuwa namba: 1.3.6.1.2.1.1.3.0. Alimtaka kijana aitaje kama mtu anavyoelekeza njia ya kwenda kwao. Namba 1 ni shirika la viwango la kimataifa. 3, taasisi zinazotambuliwa nalo. 6, Wizara ya Ulinzi ya Marekani. 1 tena, intaneti. Na kuendelea kushuka tawi kwa tawi hadi jani la mwisho. Huo ndio mti wa SNMP, itifaki ya kusimamia mitandao iliyotoka mwaka 1988, na jani hilo limebeba jibu la swali moja: umeamka lini? Wakala hujibu kwa kutaja idadi ya sehemu za mia za sekunde zilizopita tangu aanze kazi.

Nyanda za Juu Kusini hakukuwa na swali lililozidi hilo. Mwaka 2006, maji yalipopungua bwawa la Mtera na mgawo wa umeme ukabana nchi nzima, ofisi za Iringa zilikuwa zikipotea mtandaoni mara kadhaa kwa siku. Aliyekaa mbali aliona jambo moja tu: Iringa haikupatikana kwa dakika 20. Fundi akiiuliza ruta imeamka lini, ikajibu dakika 6, basi umeme ulikatika na mtu wa kupigiwa simu ni wa jenereta. Ikijibu siku 41, ruta haikuzimika hata sekunde moja. Tatizo liko kwenye setilaiti au kwenye redio ya mlimani, na safari ni ya kupanda Loleza na koti la mvua. Swali moja liliokoa mafuta ya gari na usiku wa watu.

Juu ya namna ya kuuliza, ugomvi ulizuka. Kulikuwa na mhandisi makao makuu aliyetaka mawakala wote wasetiwe wapige mbiu wenyewe: laini ikikatika, wakala atume taarifa papo hapo kwenye mlango 162, na kompyuta ya Mbeya ikae kimya ikisubiri. Kuuliza vifaa vyote kila dakika 5, alisema, ni kula laini ya setilaiti inayolipiwa kwa dola. Alipenda kusema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.

Mzee hakubishana kwa methali. Aligeuza bahasha ya mshahara akapiga hesabu mgongoni mwake. Vifaa 40. Maswali 10 kwa kila kifaa. Swali na jibu lake, baiti 200 hivi. Jumla baiti 80,000 kila dakika 5, yaani biti 2,133 kwa sekunde. Laini ilikuwa ya kilobiti 128. Haifiki asilimia 2. Kisha akauliza jambo ambalo fundi analikumbuka neno kwa neno: "Barabara ikikatika, tarishi anayeleta habari kwamba barabara imekatika atapita wapi?" Mbiu ile husafiri bila risiti, ikipotea njiani, aliyeituma hajui na aliyetumiwa hajui.

Mzee na fundi walishinda kwa sehemu. Kompyuta kuukuu ya Mbeya ikawekewa MRTG, programu aliyoianza Tobias Oetiker mwaka 1994 akiwa Uingereza, akitaka kuona jinsi laini moja ya kilobiti 64 inavyotumika. Kila dakika 5 iliwauliza mawakala na kuchora mstari wa kijani na wa bluu. Fundi bado anashikilia msimamo huo. Mbiu ni nzuri kwa haraka yake, na iwepo, lakini msingi uwe kuuliza. Anayeuliza kwa zamu hujua pia nani hakujibu.

Sasa habari ya mlinzi.

Kati ya Mafinga na Makambako kulikuwa na kituo kidogo kando ya barabara kuu: mnara, kontena, betri za volti 48, jenereta, na mlinzi aliyekaa kwenye kibanda cha mabati. Betri zile zilitunzwa kama mtoto, ndiyo maana ruta ya pale ilikuwa haizimiki hata umeme ukikatika mara tano kwa siku. Jumatatu moja ya mwaka 2007 ripoti ilionyesha kuwa usiku wa Jumamosi muda wa kuamka wa ruta hiyo ulirudi sifuri. Makao makuu wakasoma walichotaka kusoma. Ruta imezimika, imezimika kwa sababu betri ziliisha, ziliisha kwa sababu jenereta haikuwashwa, haikuwashwa kwa sababu dizeli imeuzwa. Wizi wa dizeli kwenye minara ulikuwepo kweli, kila mtu alijua, na hilo ndilo lililorahisisha hukumu. Kabla ya saa 6 mchana mlinzi alikuwa amevuliwa sare. Alikuwa na watoto wanne.

Fundi anakiri kwamba yeye mwenyewe aliiamini ile ripoti. Ndiye aliyeitayarisha.

Mzee aliisoma amesimama, kisha akakaa. Akataka kuona namba ya mwisho kabla ya sifuri. Ilikuwa siku 497 na saa 2. Akaitazama kwa muda, akachukua kalamu. Kaunta ile ina biti 32, maana yake inaweza kuhesabu mara 4,294,967,296 kisha inaanza upya, kama mita ya gari inayomaliza tarakimu zake. Hesabu hizo ni sehemu za mia za sekunde. Gawa kwa 100, gawa kwa 86,400. Jibu ni siku 497, saa 2, dakika 27 na sekunde 53. Wakala hakusema uongo. Alikuwa amefika mwisho wa hesabu yake.

Lakini Mzee hakuridhika na hesabu peke yake, na hapa ndipo fundi huwasimamisha vijana wakitaka kukimbilia mwisho wa hadithi. Alitafuta mashahidi wengine. Grafu ya usiku ule: mstari wa kijani ulipita bila pengo, data ilikuwa ikitembea katika saa ambayo ruta ilidaiwa kuzimika. Kaunta za baiti kwenye milango ya ruta: ziliendelea kupanda, wakati kifaa kikizimika na kuwaka nazo huanza sifuri. Mwisho akaingia kwenye ruta yenyewe na kuiuliza kwa amri ya kawaida, ambayo hutunza muda wake mbali na kaunta ile. Ikajibu kwamba iko macho mwaka 1 na wiki 19, na saa juu yake.

Aliandika ukurasa mmoja, bila "mimi", akapanda basi kwenda kuukabidhi mwenyewe. Mlinzi alirudishwa kazini baada ya wiki 3. Barua iliyomrudisha ilitaja "mapitio ya kiutendaji". Haikuwa na neno kosa wala neno samahani, na mishahara ya wiki zile haikulipwa. Aliyesaini amri ya kumfukuza alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Fundi ameliandika hilo katika daftari lake, na tarehe anazo.

Ndiyo sababu hapendi kusikia vijana wakiita kazi hii "kuwasha monitaringi". Unaposeti wakala unamwapisha shahidi. Kwa maneno yake mtu atakatwa mshahara, atahamishwa, ataitwa mwizi. Basi jua kumbukumbu ya shahidi wako inaishia wapi. Ile kaunta ya baiti ya biti 32, kwenye laini ya megabiti 100 iliyojaa, huzunguka kila baada ya dakika 5 na sekunde 44 hivi. Ukiiuliza kila dakika 10 grafu yako ni hadithi za kubuni, kwa hiyo tumia ya biti 64, ipo. Toleo la 3 la SNMP, lililokamilika Desemba 2002, lina kaunta ya sekunde inayoweza kwenda miaka 68 bila kurudi sifuri, na lina majina na usimbaji wa siri. Wapo bado wanaoacha vifaa na neno la siri lililotoka nalo kiwandani, "public". Huo ni mlango bila komeo, na fundi haoni la kucheka hapo.

Kwenye jambo la saraka, fundi na Mzee walikuwa pande mbili. Mkongo wa Taifa ulipofika nyanda za juu, fundi alitaka nywila za pamoja zife. Alijenga saraka ya LDAP kwenye seva ya Mbeya: kila mtu na jina lake, kila ruta na tawi lake, na anayeingia kwenye ruta yoyote athibitishwe na saraka. Ilijulikana nani kabadili nini na saa ngapi. Bado anaona lilikuwa jambo la haki. Mzee alikubali, kwa sharti moja: kila ruta ibaki na akaunti moja ya ndani, nywila yake kwenye bahasha yenye lakiri. Fundi aliona ni ushamba wa enzi za simu za kuzungusha. Akazifuta akaunti zile zote.

Kisha greda la barabara likakata kebo ya Mkongo. Iringa ilihitaji kugeuzwa ipite kwenye setilaiti, na ruta ya Iringa ilimkatalia kila mtu, kwa sababu ilitaka kuiuliza saraka, na saraka ilikuwa Mbeya, ng'ambo ya kebo iliyokatika. Fundi alimpigia simu Mzee, wakati huo tayari mstaafu. Mzee alivaa koti, akachukua kompyuta na waya wa konsoli, kasi 9600, akaizima ruta, akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha kuikatiza, akabadili rejista iwe 0x2142 ili iamke bila kusoma usanidi wake, kisha akaurudisha usanidi kwa mkono na kuongeza akaunti ya ndani. Saa 1 na dakika 40. Hakumwambia mtu yeyote kosa lilikuwa la nani. Tangu usiku ule kila ruta iliyopita mikononi mwa fundi huuliza saraka kwanza, na saraka isipojibu, bahasha.

Baada ya mazishi kijana mmoja alimfuata. "Shikamoo Mzee." Fundi alichelewa kuitikia, jina hilo hakulizoea. Kijana ndiye anayesimamia mtandao wa Iringa sasa, kwa simu ya mkononi, kupitia mfumo ulio kwenye seva za nje ya nchi. Vifaa vipya husukuma takwimu vyenyewe kila sekunde chache, kwa muunganisho unaothibitisha kila kilichopokelewa, na fundi alikiri kwamba hoja ya tarishi imepungua nguvu. Akaonyeshwa nukta za kijani kibichi, nyingi. Akaomba afunguliwe moja, asome sehemu ya mahali.

Tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu imeandikwa "Iringa". Ya nne ilikuwa na maneno ambayo vifaa vitatu vimerithishana kila usanidi uliponakiliwa: "Ipogolo, mlango wa kijani nyuma ya mashine ya kusaga, kabati la pili, ufunguo kwa mama wa chapati." Itifaki inaruhusu herufi 255 hapo, na Mzee alizitumia kama mtu anayemwelekeza mgeni usiku.

Kijana hakuwahi kufika huko. Wakachukua bajaji, wakateremka Ipogolo. Mashine ya kusaga ilikuwepo, inanguruma. Mlango ulikuwa umepakwa bluu, na ufunguo ulikuwa kwa binti wa yule mama. Kijana alisimama pale pale mlangoni, unga ukimwangukia mabegani, akafuta "kijani" akaandika "bluu", akafuta "mama" akamuuliza yule binti aandike jina gani.