Kusi na Kaskazi Katika Daftari la Mtoto

Msafiri atokaye Lamu kwa mashua kwenda Kismayo huipita Ras Kiamboni, kisha Burikao, na baada ya hapo huona visiwa upande wake wa kulia: Chula, Chovai, Ngumi, Koyama, pamoja na vingine vidogo. Ni safu ya matumbawe iliyojipanga sambamba na bara, na baina ya safu hiyo na bara umo mkondo wa maji yaliyotulia kuliko bahari ya nje. Hapo ndipo makwao Wabajuni, wavuvi na mabaharia tangu zamani. Mtoto wa visiwa hivyo, kabla hajaijua alifu na be, huwa amekwisha kuyajua majina ya pepo mbili zinazotawala chakula cha nyumbani kwao.

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, bahari ikiwa na huruma. Kusi huanza mnamo Aprili na kushika nguvu Juni na Julai, na hapo mashua nyingi huvutwa pwani. Mtoto akiuliza upepo huo unatoka wapi, na ajibiwe kweli. Jua la Juni huipasha joto nchi ya Bara Hindi na Arabuni. Hewa ya huko huwa nyepesi na kupanda, na hewa nzito ya bahari ya kusini huja kujaza nafasi yake. Ikweta yenyewe hupita kaskazini ya Kismayo, mwendo wa kilomita 40 hivi tu, na upepo ukiisha kuivuka hujipinda kuelekea mashariki. Mwaka 1969 mtaalamu Mwingereza, Findlater, alionyesha kwamba juu kidogo ya pande hizi, kiasi cha kilomita moja au moja na nusu kutoka chini, kusi hukimbia kama mto wenye kasi. Hata maji ya bahari hutii: wakati wa kusi mkondo huenda kaskazini, na wakati wa kaskazi maji ya Somalia hurudi kusini.

Wazee wa pwani waliyahesabu majira haya kwa mwaka wa jua uanzao Nairuzi, wakizigawa siku zake kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Nahodha aliyeulizwa lini atatweka tanga alijibu kwa idadi ya siku tangu Nairuzi. Hesabu hiyo ni ya kuheshimiwa sana, ila ina siku 365 kamili bila ya siku ya ziada kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo katika miaka 100 huteleza siku 24 hivi. Ndiyo sababu yahitaji mwenzi, nayo ni kupima na kuandika.

Na kuandika huko ndiko kulikokatika. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, vituo vingi vya kupima mvua na kina cha mito vilinyamaza. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño ziliujaza mto Juba, ambao humwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya Kismayo. Mafuriko ya mwaka huo yaliua zaidi ya watu 1,000 nchini Somalia, na penye kingo za mto vipimo vilivyopasa kutoa onyo havikuwapo. Baadaye Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa mpango wake uitwao SWALIM, lilianza kuvirudisha vituo hivyo. Lakini miaka iliyopita bila ya kuandikwa hairudishwi na mtu yeyote.

Basi mtoto aanze na mvua. Yatosha kopo la bati lililonyooka, lisilopanuka mdomoni wala kubanwa chini, pamoja na rula. Liwekwe uwanjani, mbali na miti na mapaa, lizungushiwe mawe lisipinduliwe na mbuzi. Kila siku saa 3 asubuhi mtoto achovye rula, asome milimita, aandike, kisha amwage maji. Saa ibaki ile ile, kwani jua nalo hunywa kopo hilo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mama mwenye paa la mita 20 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, ameteremshiwa lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20, ikiwa mfereji hauvuji. Katika pwani ambayo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 500, na sehemu kubwa yake huanguka wakati wa masika, hiyo si hesabu ya mchezo.

Siku isiyo na mvua na iandikwe 0. Watoto wengi hupaacha mahali hapo patupu kwa uvivu, nao wakubwa huwachekea. Patupu haisemi kwamba mvua haikunyesha, bali husema hapakuwa na aliyetazama.

Upepo nao hupimwa bila ya chombo, kwa madaraja aliyoyapanga Beaufort, ofisa wa majeshi ya maji ya Uingereza, mwaka 1805. Moshi ukipanda wima ni 0. Vumbi na karatasi zikiinuka ni 4. Matawi makubwa yakiyumba na mwavuli ukawa mzigo ni 6, upepo wa kilomita 39 hadi 49 kwa saa. Watoto wa askari wanaoishi kambini mbali na bahari waweza kuutazama mti wa uwanjani vivyo hivyo. Wale wa Koyama na Chula watazame minazi asubuhi, waandike daraja, na kando yake waandike mashua ngapi zilitoka na ngapi zilibaki mchangani. Mwezi Mei ukifika, babu atasema kusi limeingia. Mjukuu na afungue daftari, amwonyeshe ni tarehe ngapi liliingia mwaka uliopita.