Siku mbili tatu hapa hapa Ufipa: pa kutembea, pa kulala, na swali moja la nesi (Sehemu ya 4)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye uji wa lishe, na walioniuliza kuhusu karanga nitawajibu Jumapili. Leo nageuza ukurasa kidogo, maana likizo inakaribia na ujumbe umekuwa mwingi: "Nesi, tunataka kutoka na watoto siku mbili tatu. Twende wapi, tulale wapi, na usiku tufanye nini?"

Wenzetu wa Ulaya wameuzoea mtindo huu. Ijumaa jioni mtu anapanda treni anakwenda Paris au Roma, anatazama majengo ya kale, anakula, anasikiliza muziki, Jumapili usiku yuko kwake. Sisi tukisikia neno mapumziko tunawaza Zanzibar, tukipiga hesabu tunaona bora tukae nyumbani. Na huku wapo watu waliozaliwa Sumbawanga, wamesoma Sumbawanga, wameolewa Sumbawanga, na Kalambo hawajaiona kwa macho yao.

Basi twende pamoja.

MJINI KWENYEWE
Anza na mji wako. Waambie watoto maana ya jina lake. Wazee wanasema "sumba wanga" ni kutupa uchawi: ukiingia hapa uache uchawi wako huko ulikotoka. Mtoto akilijua hilo atatembea kifua mbele hata akienda kusoma Dar.

Juu ya mji kuna msitu wa Mbizi, sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Mkibahatika mtawaona mbega wekundu wakiruka juu ya miti. Kule ni baridi kuliko mjini, na mjini kwenyewe tuko kwenye mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai, mtoto bila sweta na soksi usimtoe. Ukipata mwenyeji wa vijijini, mwombe awaonyeshe malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo babu zetu Wafipa waliyeyusha chuma. Yapo ambayo bado yamesimama. Mwanao asimame pembeni yake ajue kwamba jembe halikuanzia dukani.

KALAMBO
Kutoka mjini mnapita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Maporomoko yako mpakani kabisa na Zambia. Maji yanaanguka mara moja, bila kugusa ngazi ya jiwe, zaidi ya mita 200. Mwisho wa mvua ndiyo yanakuwa mengi. Ukienda Oktoba utakuta yamepungua. Kwenye miamba kuna makorongo, yale madege makubwa yenye upara, wanataga pale pale ukutani.

Na kuna jambo wengi wetu hatulijui. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, wataalamu wa mambo ya kale walichimba tangu miaka ya 1950. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mkono, yenye umri wa miaka kama 476,000. Watu walikuwa wanajenga kwa mbao hapa kwetu kabla hata binadamu wa aina yetu hawajakuwepo. Dunia nzima iliandika habari hiyo.

La kwangu kama nesi ni dogo: pale ukingoni, mtoto chini ya miaka saba anashikwa mkono na mtu mzima asiyeshika simu. Mtu mmoja mtoto mmoja. Na kama una mimba kubwa au umejifungua kwa upasuaji juzi juzi, zile ngazi za kushuka waachie wengine. Mandhari ya juu inatosha.

KASANGA
Ukiendelea na barabara unashuka mpaka Ziwa Tanganyika. Mjerumani alijenga boma pale, akapaita Bismarckburg. Waulize wenyeji kabla hujapiga picha, hasa karibu na bandari. Wasimulieni watoto habari za meli ya Liemba: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Meli iliyokaa chini ya maji miaka minane ikarudi kazini! Watoto wanaipenda sana hadithi hii.

Kula migebuka wa kuchoma au kuhe. Samaki mtamu ni yule aliyetoka majini asubuhi. Ila maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, na kuoga ziwani muulize mvuvi kwanza: wapi kuna mamba, wapi kuna viboko. Penye majani na maji yaliyotulia usimwogeshe mtoto, konokono wa kichocho hupenda hapo hapo.

PA KULALA NA USIKU
Gesti zipo za bei zote, na hosteli za makanisa ni tulivu kwa wenye watoto. Kabla hujalipa omba kuona chumba. Mambo matatu tu. Moja, chandarua: kishushe, kikague kama kina matundu, kisha uone kama kinafika chini ya godoro. Mbili, kelele: kama baa iko nyuma ya ukuta, mtoto hatalala na wewe hutalala. Tatu, baridi: ukiwa huku juu omba blanketi la ziada na ndoo ya maji ya moto. Jiko la mkaa usiingize chumbani hata wakikuletea kwa upendo. Ule mkaa unaowaka taratibu unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Hili nalirudia kila mwaka, na sitachoka.

Starehe ya usiku? Mama naye ni mtu jamani. Kaeni na baba watoto mle nyama choma, ndizi, mishikaki, muziki upigwe kidogo. Watoto saa mbili wawe kitandani na mtu mnayemwamini. Na kurudi kwa bodaboda watu wanne, mtoto katikati, hapana. Lipeni mbili, au mtembee.

SASA SWALI LANGU
Nimeliacha mwisho kwa sababu nataka ulibebe.

Kuna mtoto wa miaka minne tuliletewa usiku, anapata degedege. Homa ilikuwa ya siku ya tatu. Nyumbani walidhani ni baridi ya hapa mjini, wakampa dawa ya maji ya kushusha homa. Inashuka, inapanda. Nikamuuliza mama yake, "Mmesafiri hivi karibuni?" Akajibu haraka, "Hapana nesi." Tukaendelea kumhudumia. Bibi yake, amekaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ndogo, "Si tulikwenda tu Kasanga kwenye harusi."

Tu. Neno hilo dogo sijalisahau.

Harusi ilikuwa siku kumi na mbili nyuma. Kipimo kikatoka na malaria, tena kali, na damu imeshuka. Aliongezewa damu, akalazwa, na namshukuru Mungu aliondoka kwa miguu yake. Mama yule hakudanganya. Kwake safari ni Dar, ni Mbeya, ni basi la alfajiri. Kasanga ni nyumbani kwa shangazi.

Lakini mbu hajui undugu. Kutoka Sumbawanga kwenda ziwani unashuka zaidi ya mita 1,000. Huku juu baridi inawazuia mbu wengi, malaria ipo ila ni kidogo. Kule chini ni joto, na malaria ni nyingi. Ni vivyo hivyo ukishuka upande wa pili, Bonde la Rukwa, kule Muze na Ilemba. Mtoto wa shangazi amekua na malaria, mwili wake umeshajifunza kupambana kiasi. Wako hajajifunza, kwa hiyo kwake ugonjwa unakimbia haraka. Na hauonekani siku hiyo: kuanzia siku ya saba mpaka wiki mbili, hata mwezi, mmesharudi na mmeshasahau.

Kwa hiyo mama yangu:

Ukishuka, beba chandarua chako chenye dawa, kile ulichopewa kliniki. Kukunja ni kama kitenge, hakichukui nafasi. Jioni mvalishe mtoto mikono mirefu.

Ukirudi, andika tarehe nyuma ya daftari la kliniki: "Tumetoka Kasanga." Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo mtoto atolewe tone la damu kidoleni. Usinunue dawa ukakisia. Akipewa dawa mseto, ampe na chakula au maziwa, na amalize siku zote tatu hata akianza kucheza siku ya pili.

Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usisubiri kuche.

Na mjamzito, usishuke bila kuwa na chandarua, na dozi zako za SP za kliniki usiziruke.

Mimi sikutishi usiende. Nenda! Watoto waone Kalambo, waone ziwa, wamjue shangazi yao. Ila muuguzi akikuuliza kama mmesafiri, usipime kwa nauli. Taja hata kwa bibi. Taja hata harusi ya siku moja.

Sehemu ya 5 ni Jumapili, Mungu akipenda: homa kwa mtoto mchanga. Nani ana mpango wa kushuka likizo hii? Niambie umri wa watoto tupange mzigo pamoja.