Mwalimu wa Hisabati

Shuleni nilimwita Mwalimu, nyumbani nilimwita Mama. Mwaka 2016 nilikaa wiki kadhaa bila kumwita chochote.

Nilikuwa darasa la saba katika shule ya msingi ya kijijini kwetu, mkoani Singida, naye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa Hisabati ambaye kila mzazi alimtaka kwa mwanawe. Alitufundisha sehemu kwa kukata viazi vitamu, na hakuna aliyesinzia kwenye kipindi chake. Januari ile elimu bila malipo ilianza, michango ya lazima ikaondolewa, na watoto wakamiminika darasa la kwanza. Madawati yalijaa, wengine wakakaa sakafuni. Mdogo wake rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa miongoni mwa hao wa sakafuni.

Wiki ya pili Mama akamhamishia mwalimu wa Hisabati darasa la kwanza.

“Mama, sisi ndio tuna mtihani,” nilimwambia usiku ule.

“Najua. Lakini darasani kwenu wamo watoto wasioweza kusoma sentensi moja. Hao hawatafeli Septemba, mwanangu. Walishafeli wakiwa na miaka saba, na hakuna aliyewaona.”

Wakati ule sikuelewa jinsi alivyokuwa na uwezo mdogo. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haijengi darasa. Mwalimu mkuu haajiri mwalimu wala hamfukuzi. Akiandika barua ya kuomba walimu, anasubiri. Alichokuwa nacho mkononi mwake ni ratiba: nani afundishe wapi, na yeye mwenyewe akae wapi.

Alichagua kukaa darasa la kwanza. Kila asubuhi, baada ya mstarini, alipita mlango wa ofisi yake bila kuufungua. Aliwaita watoto watatu, mmoja mmoja, wamsomee. Aliyekwama jina lake liliingia kwenye daftari, na wiki iliyofuata aliitwa tena. Wageni wa ofisini walingoja kwenye benchi chini ya mwembe.

Kwenye kikao cha wazazi, mzee mmoja alisimama. “Mwalimu Mkuu, mwanao naye yumo darasa la saba. Humwonei huruma?”

“Namwonea,” Mama alijibu, akaketi.

Tulifanya mtihani Septemba. Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari, rafiki yangu hakuchaguliwa. Hisabati ndiyo iliyomwangusha, na bila yule mwalimu hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Mimi nilikuwa na mama mwalimu na taa ya sola mezani. Yeye alipelekwa Dodoma kufanya kazi za ndani. Mwaka huohuo walimu wakuu walikuwa wameanza kulipwa posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi, na kijijini wakasema: anakula posho, watoto wetu wanafeli. Jioni moja Mama alikwenda kwao kuwasalimia wazazi wake. Alirudi kimya, akalala bila kula.

Mwaka uliofuata alihamishwa. Daftari lile alimkabidhi aliyempokea. Sijui kama liliwahi kufunguliwa.

Siku hizi mimi ni mwalimu. Kwenye semina nasikia kwamba mwalimu mkuu ndiye roho ya shule, kwamba akisimamia vizuri ufaulu unapanda. Nakubali. Ila sijasikia mtu akisema kwamba mwalimu bora ni mmoja, madarasa ni saba, na kila ukimpeleka mahali kuna mahali unamwondoa. Wa darasa la saba wanaonekana kwenye matokeo. Wa darasa la kwanza hawana wa kuwasemea, labda huyo mwalimu mkuu.

Watoto wale wa darasa la kwanza walimaliza la saba mwaka 2022. Rafiki yangu alinipigia simu: mdogo wake amechaguliwa kidato cha kwanza.

“Mama yako alininyang’anya mwalimu akampa mdogo wangu,” alisema. “Sijamsamehe. Lakini mwambie sare nimenunua mimi.”

Nilimwambia Mama. Aliniuliza sare ni ya rangi gani, kisha akaniomba namba ya simu.