Jina Kabla ya Picha

Wanyakyusa wa mlima Rungwe walikuwa na neno, kipunji, kabla wataalamu hawajawa na mnyama. Wawindaji walimtaja kima huyo mwenye haya, na wageni waliosikia wakamdhania kiumbe wa hadithi, maana katika masimulizi ya mlima ule walio hai na wa kuwaziwa hukaa pamoja bila ugomvi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa kazini huko juu ya Tukuyu wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya. Mpya kwa nani, neno lenyewe latosha kujibu.

Tangazo lile lilizua mabishano, kwani badala ya ngozi na fuvu, kama ilivyo ada, liliegemea picha. Wako walionung'unika kwamba picha haina damu wala jino. Mwili ulipatikana baadaye: kipunji kijana alinaswa akafa katika mtego wa mkulima, shambani mwa mahindi. Kwa mzoga huo, mwaka 2006 kima yule akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, na mlima ukaingia ndani ya jina la Kilatini.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa siku hizi ambapo, katika nchi kadhaa, kamera zinazojiendesha zimeanza kuwahesabu wadudu wachavushaji. Rungwe ina sababu ya kuzihitaji. Kando ya chai na migomba umeenea mparachichi, mti wenye ua la ajabu: hufunguka kwanza likiwa la kike, likajifunga, kisha kesho yake likafunguka la kiume. Ua la Hass huwa la kike asubuhi, la Fuerte alasiri. Lazima apatikane mchukuzi wa chavua baina yao: nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma, nzi. Ni yupi hasa, na saa ngapi? Mkulima anayenyunyiza dawa ya wadudu bila kujua hayo huenda anamwua kibarua wake mwenyewe.

Msomaji wa visiwani aijuaye vanila anafahamu gharama ya kumkosa mchukuzi. Nyuki wake alibaki Mexico. Huku kila ua huchavushwa kwa kijiti na mkono wa mtu, njia aliyoivumbua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, kisiwani Réunion mwaka 1841.

Kamera ya msituni hushtuliwa na joto la mnyama, na nyuki hana joto la kutosha kuishtua. Basi hii ya wadudu hulikodolea ua macho kutwa, ikipiga picha kila baada ya sekunde kadhaa, na programu huzichambua. Upepo ukitikisa tawi, nao huweza kuhesabiwa mgeni. Mvua na ukungu wa Tukuyu vitaisumbua lenzi yake vya kutosha. Tena programu haijui ila majina iliyofundishwa, na nyuki wengi hutofautiana kwa vijishipa vya mbawa, visivyoonekana ila chini ya hadubini. Hapo mwili unadaiwa tena, kama kwa kipunji.

Kabla ya kufungwa kamera ya kwanza chini ya mparachichi wa Rungwe, ingefaa mtu aketi barazani na mzee mrina asali, amwulize anawaitaje wale wadogo wajao mapema, ukungu haujainuka. Yumkini kila mmoja ana jina lake.